Mguu unauma kidogo, wiki inaendelea: mbio na ramani hapa Tanga

Hii ni kwa wewe ambaye tayari unakimbia, tuseme kilomita 30 au 40 kwa wiki, na una vile vijimaumivu ambavyo havikulazi kitandani ila havikuachii pia. Kisigino kimekaza ukiamka asubuhi, kifundo kile kile kinachoteguka kila mara, goti linanung'unika ukishuka ngazi. Kama huwezi kukanyaga kabisa hii sio ya kwako, nenda hospitali ya Bombo ukapigwe eksirei, utarudi kusoma baadaye.

Tangu mkimbiaji wetu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo 2025 watu wamejaa barabarani asubuhi, Raskazone siku hizi unapishana mpaka na mtu anayekudai na hawezi kukusimamisha maana wote mnahema. Safi kabisa. Ila wengi wetu tunajua dawa mbili tu za mguu unaouma, kukaa nyumbani wiki mbili afu kurudi na kasi ile ile, au kumeza diklofenaki na kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Zote mbili zinakurudisha pale pale ulipoanzia. Mi nasema hivi: mguu ukilalamika punguza kasi, punguza ardhi ngumu na mbovu, lakini kazi ya kichwa usiipunguze, hiyo iongeze. Na hapo ndo orientiringi inapotupa faida ambayo mkimbiaji wa barabara tupu hana.

Kwa asiyeijua: unapewa ramani na dira, vituo vimechorwa kwa viduara kwenye ramani, unavipitia vyote kwa mpangilio uliopangwa, njia ya kwenda kituo mpaka kituo unachagua mwenyewe. Mchezo ulikulia Skandinavia, shirikisho lake la dunia, IOF, lipo tangu 1961, na vituo vyao ni vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, sentimita 30 kwa 30. Kule mwenye mbio akipotea dakika nne kichakani anapitwa na mtu wa kawaida aliyekuwa anajua yuko wapi muda wote. Kwa hiyo wiki ambayo mguu haukuruhusu kukimbia haraka ni wiki ya kujifunza kutopotea, wala sio wiki iliyokufa.

Kwanza kipimo, ratiba baadaye

Kila kitu kwenye wiki hii kinaamuliwa asubuhi, sio wakati unakimbia. Kano ya nyuma ya kisigino ina unafiki, ukianza inauma, ukipata joto inanyamaza, unajiona umepona unaongeza kilomita mbili, kesho yake unachechemea mpaka chooni. Kwa hiyo usiiulize ikiwa na joto, iulize imelala.

Ukiamka, kabla hata hujanywa chai, simama kwenye ngazi au kizingiti cha mlango: nyanyua kisigino kwa mguu mmoja mara 10, simama mguu mmoja sekunde 30 bila kushika ukuta, afu shuka ngazi moja taratibu ukiangalia goti lisiingie ndani. Kila kimoja kipe alama, 0 hakuna kitu, 10 ndo maumivu ambayo hujawahi kuyaona. Andika kwenye daftari au kwenye simu, popote, ila andika, maana kichwa cha mkimbiaji kinasahau maumivu haraka kuliko kinavyosahau deni.

Matumizi yake rahisi. Wakati wa mazoezi maumivu yasizidi 3. Na kesho yake asubuhi lazima yawe yamerudi pale yalipokuwa jana asubuhi au chini yake. Yakiwa yamepanda, siku inayofuata ya kukimbia inageuka kuwa ya kutembea na ramani, hakuna mjadala. Watu wa fiziotherapia kwenye programu za kano ya kisigino huwa wanaruhusu mpaka 5, lakini wao wanakuangalia, wewe uko peke yako, baki na 3.

Maumivu mengine ni waja leo waondoka leo, nyama zimechoka tu, hayo usiyaogope. Ya kuogopa ni haya: maumivu ya sehemu moja ndogo kwenye mfupa, unaweza kuyagusa kwa ncha ya kidole, hasa kwenye ugoko au juu ya unyayo, na yanakuuma hata usiku umelala. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa na haukimbiwi hata mita moja. Kifundo kimeteguka na huwezi kupiga hatua nne, au mfupa wa pembeni wa kifundo unauma ukiubonyeza kwa nyuma yake, eksirei. Umesikia kitu kimepasuka nyuma ya kisigino, ukageuka kuangalia nani kakupiga teke na hakuna mtu, hospitali siku hiyo hiyo. Kigimbi kimoja kimevimba kina joto na hukukigonga popote, hospitali pia, usikichue. Na miguu yote inauma, viungo vyote, kichwa, na baridi kidogo jioni, hayo sio mazoezi ndugu yangu, kapime malaria.

Jumapili jioni: ramani

Ramani usisubiri mtu akuchoree. Kuna tovuti inaitwa OpenOrienteeringMap, inachukua data ya OpenStreetMap na kukupa ramani ya mitaa ya mtindo huu huu wa orientiringi bure, unachagua eneo, unachagua skeli, unabandika vituo vyako, unaprinti. Ukitaka kuchora mwenyewe kwa undani kuna programu ya OpenOrienteering Mapper, ya bure pia, inaingia kwenye simu za Android na kompyuta. Na kama unataka simu ilie ukifika kituoni bila kuweka kibendera, ipo programu ya MapRun. Data ya Tanga mjini ni nzuri, vichochoro vingine vinakosekana lakini hilo tutalishughulikia Jumatano.

Pale duka la steshenari mwambie kijana aprinti kwa asilimia 100, asiache mashine ibane ukurasa ili itoshe, maana ikibana hata kidogo skeli yako imekufa na hesabu za umbali zote ni uongo. Ukiipata pima na rula. Skeli ya 1:5,000, sentimita 1 ni mita 50. Ya 1:10,000, sentimita 1 ni mita 100. Itie kwenye ile plastiki ya kuwekea vyeti, jasho la Tanga linakula karatasi ndani ya robo saa.

Rangi zisikuchanganye. Kwenye ramani za msituni nyeupe sio uwanja, nyeupe ni msitu unaopitika kwa mbio. Uwanja wazi ni njano. Kijani ni kichaka, kadri kinavyokoza ndo kinavyozidi kukuzuia. Bluu maji, kahawia kontua, yaani mistari ya mwinuko wa ardhi, nyeusi mawe na vitu vya watu.

Jumatatu: hakuna kukimbia

Leo unajenga mguu. Kunyanyua visigino, seti 3 za 15, sekunde tatu kupanda sekunde tatu kushuka, mara moja goti limenyooka na mara moja goti limekunjwa kidogo, kwa sababu misuli ya kigimbi ni miwili na ule wa ndani unafanya kazi zaidi goti likikunjwa. Ikiwa maumivu yako yapo katikati ya kano, vidole viwili vitatu juu ya kisigino, fanyia kwenye ngazi na ushushe kisigino chini ya ngazi. Ikiwa yapo chini kabisa pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni tu, ukishusha kisigino chini ya ngazi unaibana kano kwenye mfupa na utailaumu hii makala bure. Ikizoea, vaa begi mgongoni lenye mfuko wa unga wa kilo 5. Kano haitaki haraka, programu maarufu ya daktari Alfredson ya mwaka 1998 ilikuwa ya wiki 12, kila siku mara mbili, kwa hiyo ukifanya siku nne ukaacha ukasema haisaidii hujaanza bado.

Goti: kaa ukutani bila kiti sekunde 45, mara tano. Halafu lala ubavu, nyanyua mguu wa juu, seti tatu mpaka nyonga iwake. Goti la mkimbiaji mara nyingi kosa liko nyongani. Kifundo: mguu mmoja juu ya godoro wakati unapiga mswaki, ukishazoea funga macho.

Sasa jioni unakaa na ramani mezani. Chukua penseli, chora njia mbili tofauti kwa kila kipande cha kituo mpaka kituo, pima kila moja, afu jibu maswali matatu kwa kila kituo. Kitu gani kikubwa karibu na kituo ambacho siwezi kukikosa, nianzie hapo kukitafuta? Kitu gani kirefu kinaenda upande wangu nikifuate, barabara, mfereji, ukuta? Na kitu gani kipo nyuma ya kituo kitakachoniambia nimepitiliza? Dakika 20 zinatosha. Hii kazi inachosha kuliko unavyofikiria na mguu haujui kama umefanya mazoezi.

Jumanne: Raskazone taratibu

Dakika 30, ukiwa vizuri 40, kasi ya kuongea sentensi nzima. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla jua halijaanza kudai chake. Bustani ya Jamhuri, unapita Bombo, unaenda mpaka Raskazone unarudi. Lami ina mgongo katikati, ukikimbia pembeni ya mkono wako ule ule kwenda na kurudi mguu mmoja unafanya kazi ya bondeni muda wote, na goti na nyonga vinasikia, tafuta pale palipo sawa. Fupisha hatua. Ongeza idadi ya hatua kwa dakika kama asilimia 5 hivi kasi ikiwa ile ile, mzigo wa goti unapungua, hilo limepimwa na linafanya kazi kuliko viatu vipya vya laki na nusu.

Ramani umeikunja mfukoni. Kila ukifika kona unaitoa, unaangalia kipande kinachofuata kwa sekunde tano, unairudisha, unakimbia kwa kumbukumbu. Sio zaidi.

Mtego mmoja wa Tanga: mtu wa pwani amezoea bahari ni mashariki. Hapa mjini ukisimama kwenye bustani unaiangalia bandari na kisiwa cha Toten umeangalia kaskazini. Mgeni anageuza ramani yake robo duara na anashangaa kwa nini hakuna kinachofanana.

Jumatano: baiskeli

Mji huu ni wa baiskeli, kila nyumba ina moja, ya kwako ikiwa na pancha ya jirani ipo. Dakika 45 mpaka saa, tambarare. Panga siti juu kiasi kwamba kanyagio likiwa chini goti limekunjwa kidogo tu, siti ya chini inalitesa goti kuliko hata kukimbia. Na kanyagia sehemu ya katikati ya unyayo kama kano inauma.

Usizunguke bure. Nenda Ngamiani na ramani ya kesho kakague: kichochoro hiki kimezibwa na ukuta, hapa pamejengwa banda, hapa ramani inasema njia lakini ni uwanja wa mtu. Sahihisha na kalamu. Na ukishakuwa pale salimia. Mwenyekiti wa mtaa ajue, mjumbe ajue, waambie wazi ni mazoezi ya mbio. Mtu mzima anayekimbia na karatasi, anasimama kwenye nguzo ya umeme, anaangalia dira, anaondoka mbio, anafikiriwa vibaya haraka sana. Kwa sababu hiyo hiyo usipange vituo karibu na bandari, kambi yoyote ya ulinzi, gereza, wala upande wa Chongoleani kwenye kituo cha bomba la mafuta. Hutaki kuanza kueleza skeli kwa mlinzi.

Alhamisi: Ngamiani

Hii ndo siku ya wiki, na ndo siku ambayo watu wanajiharibu.

Ngamiani barabara zake zina namba na zimenyooka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukiangalia ramani unasema hapa mtoto hapotei. Jaribu kukimbia. Kona zinafanana, maduka yanafanana, unageuka mara mbili ukikwepa bajaji na tayari hujui kama hii ni ya nane au ya tisa. Ni darasa zuri kabisa na ardhi yake ni salama, hakuna mizizi wala mawe ya kukutegua.

Weka vituo 10 au 12, kipande kimoja mita 100 mpaka 300. Kituo kiwe kona ya ukuta, nguzo, kisima, pembe ya shule, usiweke ndani ya uwanja wa mtu wala kwenye mlango wa msikiti. Pasha joto dakika 15 kwa kutembea na kukimbia polepole. Kisha kipande kimoja unakimbia kwa kasi ya wastani, kinachofuata unatembea ukipanga cha mbele yake. Kukimbia, kutembea, kukimbia, kutembea. Ukijumlisha umekimbia kwa kasi dakika 10 tu labda, na mguu wenye kijiumivu dakika 10 zinautosha.

Jinsi ya kushika ramani: ikunje ibaki eneo dogo unalolihitaji, kidole gumba kikae pale ulipo, na kila ukipita kitu unachokijua gumba linasogea. Ukigeuka kulia ramani inageuka kushoto mkononi ili mbele ya ramani iwe mbele yako. Usisome maandishi, soma mwelekeo. Ukifanya vitu viwili hivi tu bila kuacha umeshapunguza nusu ya kupotea kwako.

Reli ndo mpaka wako. Ukitoka Ngamiani kuelekea mjini ukakuta reli na kituo kilikuwa kabla ya reli, umepitiliza, rudi. Usiendelee kwa matumaini.

Kwa upande wa mguu, adui hapa ni kona na vituo vyenyewe. Kufika kwa kasi, kufunga breki, kugeuka, kuondoka kwa mshindo, mara 12, ndo kunakopandisha kano na goti, kuliko kilomita zenyewe. Kwa hiyo anza kupunguza mita 10 kabla ya kituo, pita kituo ukitembea hatua tatu, ondoka taratibu. Na sheria ambayo ningeiandika ukutani: ramani inasomwa kwenye ardhi nzuri, kwenye ardhi mbovu macho yanaangalia chini. Kifundo kinateguka kirahisi mtu akiwa anasoma. Kama ardhi ni mbovu na lazima usome, simama. Sekunde tatu za kusimama hazijawahi kumpeleka mtu hospitali.

Utaulizwa maswali, jiandae.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu, umepoteza nini?"
"Natafuta pembe ya ukuta wa shule mzee, ni mazoezi tu."
"Ukuta si huo umeuegemea."

Ukiteguka kweli leo, simama hapo hapo, usimalizie. Bendeji ya kubana, mguu juu ya mto, barafu kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 kupunguza maumivu, na kesho uanze kutembea kadri unavyoweza bila kuchechemea sana. Usichuliwe siku mbili tatu za mwanzo. Najua kila mtaa una mama anayechua vizuri na mafuta ya nazi, na kwa vigimbi vilivyochoka mimi nampa asilimia mia, ila kifundo kibichi kilichovimba ukikikanda na kukivuta unaongeza uvimbe.

Na hapa niseme la dawa maana ndo mahali watu wanakimbilia duka la dawa. Diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia usimeze. Moja inakuficha alama yako, ile 3 unayoipima unaisoma 1. Mbili, ukiwa umepungukiwa maji kwenye joto hili inaweza kuumiza figo. Sindano ya steroidi ndani ya kano ya kisigino usikubali kirahisi, kano inaweza kudhoofika ikakatika. Na hili wengi hawalijui: sipro, ile antibayotiki inayotolewa kwa UTI na homa ya tumbo, yenyewe na ndugu zake zina onyo rasmi la kuharibu kano. Kama uko kwenye dozi na kisigino kimeanza kuuma, acha kukimbia na mrudie daktari aliyekuandikia, usikatishe dozi kimya kimya na usiendelee kimya kimya.

Ijumaa: majini

Asubuhi, ili mchana upumzike kwa swala na pilau. Nenda Raskazone maji yakiwa yamejaa, ingia mpaka kifuani, kimbia humo humo, dakika moja kwa nguvu dakika moja polepole, 25 jumla. Sehemu kubwa ya uzito wako imebebwa na maji, moyo unafanya kazi, kano imepumzika. Angalia maji kwanza maana kila siku yanachelewa kama dakika 50, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, ukienda saa isiyo yake utakuta tope na mikoko. Vaa yeboyebo, kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na buruza miguu badala ya kunyanyua ili yule samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie akimbie. Ukitoka, visigino seti 3 tena.

Kukimbia kwenye mchanga ufukweni? Sio wiki hii. Mchanga laini unazamisha kisigino na kuivuta kano, na ule mgumu wa karibu na maji una mteremko wa upande mmoja.

Jumamosi: mkonge

Mjerumani Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893 hakuwa na sisi akilini, lakini mashamba ya upande wa Pongwe na Muheza ni uwanja wa dira ambao hata Waswidi wangeutamani: mistari imenyooka, njia za matrekta zimekatana, tambarare, vumbi laini kwa mguu. Omba ruhusa ofisi ya shamba. Nenda na mwenzio. Kaa kwenye njia, usiingie kati ya mistari kwa mbio, ile ncha nyeusi ya jani ikikupata jichoni mchezo umeisha, na nyoka wanapenda kivuli chake.

Dakika 60 hadi 75, kukimbia 8 kutembea 2. Beba maji lita moja na nusu na chumvi kidogo, au dafu likukute mwisho. Wakati wa Ramadhani hii isogeze iwe saa moja ya mwisho kabla ya futari, ifupishe nusu, na acha kukimbia kabisa, tembea na dira tu.

Kazi ya leo ni kuhesabu hatua. Pima mita 100 kwa simu kwenye njia iliyonyooka, kimbia kawaida, hesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Wengi wanapata kati ya 35 na 45 wakikimbia polepole, na kwenye 60 na kitu wakitembea. Rudia mara nne upate namba yako. Baada ya hapo ramani ikisema njia panda ipo mita 400, huhitaji kubahatisha, unahesabu.

Na kuna faida ambayo kwa mwenye mguu mbovu ni kubwa kuliko ramani yenyewe. Mguu ukianza kuuma hatua inafupika kabla hujajikubalia kwamba unaumwa. Ulianza na 40 kwa mita 100, saa moja baadaye kwenye njia ile ile, tambarare ile ile, umefika 44. Unachechemea, hata kama mdomo unasema niko poa. Hapo ndo mwisho wa kukimbia kwa leo, zilizobaki unatembea. Hakuna saa ya kisasa inayokuambia ukweli huo kwa bei hiyo.

Dira: shika kifuani, mshale wa mwelekeo mbele, tafuta mti au nguzo ya mbali iliyo kwenye mstari, iendee bila kuangalia dira tena, ukifika rudia. Ukikosea nyuzi 5 kwenye mita 300 unatoka nje kama mita 26, na mita 26 kwenye mkonge ni mistari kadhaa. Kwa hiyo kama kituo kiko kwenye njia, lenga makusudi kushoto kwake, ukiifikia njia unajua unageuka kulia. Ukinunua dira uliza imetengenezwa kwa ajili ya kanda gani, ya Ulaya ya kaskazini huku kwetu sindano inainama inagusa kioo na kukwama. Isogeze mbali na simu, reli, gari na mabati. Jua nalo lina msaada, mwezi wa sita mchana liko kaskazini yetu, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, ila mwezi wa tatu mwanzoni na wa kumi mwanzoni linakuwa utosini na kivuli hakikuambii chochote.

Jumapili: kutembea

Pumzika au tembea. Ukitaka kutembea nenda mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini ya mji barabara ya Horohoro, lipia, chukua muongozaji, na utembee ukiangalia umbo la nchi, wapi inapanda, wapi imekatika, mto umepita wapi. Mjini ni bapa mno kujifunzia kontua, kule mawe ya chokaa na mabonde ya mto yanakupa kitu cha kusoma. Hakuna kukimbia, mawe yale na kifundo chako hawajaelewana bado.

Jioni fungua daftari uangalie asubuhi saba. Kama alama zimeshuka au zimekaa pale pale, wiki ijayo ongeza kitu kimoja tu: ama dakika tano za Jumanne, ama vipande viwili vya kukimbia Alhamisi, ama dakika 10 za Jumamosi. Sio vyote. Kama asubuhi mbili zilipanda, angalia ni siku gani ilizitangulia, mara nyingi itakuwa Alhamisi, basi hiyo ifanye ya kutembea tupu na zingine ziache. Kama zimepanda wiki mbili mfululizo pamoja na kupunguza kote huku, kitengo cha fiziotherapia kipo hospitali, nenda na daftari lako, utawarahisishia sana kazi. Visigino vya Jumatatu na Ijumaa havifutwi kwenye hali yoyote kati ya hizi, isipokuwa umeambiwa na daktari.